Nilivyompima Nsimire Vibaya

Aline ni binti wa Kirundi anayesoma chuo pale Braamfontein, Johannesburg, na mwaka huu amepata kazi ya usaidizi wa mwalimu katika shule moja ya msingi. Jumanne alinipigia simu akiwa amejificha kwenye chumba cha fotokopi, anaongea kwa kunong'ona.

"Tantine, kuna mtoto mgeni. Nimempa karatasi ya Kiingereza, amekaa nayo nusu saa, hakuandika hata neno. Mwalimu wa darasa anataka jibu kabla ya saa nane. Niandike nini?"

"Andika kwamba hakuandika neno."

"Halafu? Chini pana nafasi ya sababu."

"Iache wazi. Sababu huijui."

Akauliza, "Wewe ulikuwa unajuaje?"

Nikamwambia nitamwandikia. Naona amewaambia na wenzake, maana tangu juzi simu yangu haitulii, na nyote mnaniita Tantine, yaani shangazi kwa Kifaransa, hata ambao hatujawahi kuonana. Basi someni wote kwa pamoja. Nimestaafu, nina kiti changu cha dirishani hapa Turffontein, na Jumamosi watu wakienda kwenye mbio za farasi mtaa wote unakuwa wangu. Sina haraka.

Kazi yenyewe haina jina zuri kwa Kiswahili. Kila Januari shule zinapofunguliwa wanaingia watoto kutoka Bukavu, Bujumbura, Maputo, Harare, na wengine waliozaliwa hapa hapa Johannesburg lakini nyumbani kwao Kiingereza kinasikika kwenye televisheni tu. Masomo ni kwa Kiingereza. Lazima awepo mtu wa kusema: huyu bado anajifunza lugha, asaidiwe, huyu lugha anayo, aachwe asome, na huyu tatizo lake si lugha, atafutiwe msaada mwingine. Mtu huyo nilikuwa mimi, kwa miaka kumi na minane.

Sikuisomea. Kigoma nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Nikamfuata mume wangu huku, na vyeti vyangu vikachukua miaka mingi kutambuliwa. Shule ikaniajiri mapokezi, nipokee simu na kufunga vidonda vya magoti. Asubuhi moja mkuu wa shule, Bwana Naidoo, alinikuta naongea na mzazi mmoja kwa Kirundi, na mwingine kwa Kiswahili, na wa tatu nabahatisha Kifaransa. Wiki iliyofuata nilikuta meza yangu imehamishiwa nyuma ya kabati la vitabu, na juu yake bunda la karatasi.

"Mama Petronila," akasema, "kuanzia leo wewe ndiye utakayewapima wageni."

Nikamuuliza nawapimaje. Akasema karatasi zinajieleza. Hazikujieleza.

Aliyenifundisha ni mwalimu wa gredi ya kwanza, mama mmoja wa kitongoji cha Alexandra aliyeitwa Ma Sibeko. Alikuwa mnene, mpole, mwenye sauti ya chini ambayo watoto walinyamaza ili waisikie. Lugha alikuwa nazo sita au saba, zote za kuokota mtaani kwao. Mimi na yeye tulizungumza Kiingereza, lakini aliniita "sisi", yaani dada kwa Kizulu, na miezi ya mwanzo nilidhani kila mara anapoita ananihesabu pamoja na wenzangu.

Muhula wangu wa kwanza nilikuwa nikitoa ripoti za kupendeza. Namwambia mtoto kwa Kiingereza, weka penseli chini ya kitabu, anaweka. Weka ufutio kwenye kikombe, anaweka. Nikaandika: anaelewa maelekezo. Watoto kumi na nne mfululizo walielewa maelekezo. Walipofika darasani, walimu wakaanza kuja kuniuliza ni watoto gani hao ninaowazungumzia.

Ma Sibeko akaja kukaa pembeni, akanitazama nikimpima mtoto wa kumi na tano. Mtoto alipotoka, akaniambia, "Sisi, mrudishe. Mwambie maneno yale yale, lakini wewe tazama dari."

Nikamrudisha. Nikamwambia aweke penseli chini ya kitabu, macho yangu yako kwenye taa ya juu. Mtoto akainua uso na yeye, akatazama dari, akitafuta kitabu kiko wapi huko.

Kumbe nilikuwa nasema "kitabu" huku nakitazama kitabu. Wale watoto kumi na nne walikuwa wanasoma macho yangu, na macho hayana lugha. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaomba: ukimpa mtoto agizo, mikono yako iweke mapajani na macho yako yapeleke kwingine. Na usimuulize kamwe kama ameelewa. Mtoto mgeni anayeulizwa kama ameelewa anaitikia ndiyo, kwa sababu ndiyo ndilo neno la kwanza alilojifunza.

Fomu nayo ilinidanganya. Fomu inauliza: lugha inayozungumzwa nyumbani. Kisanduku kimoja, kidogo, cha neno moja. Baba mmoja Mrundi alileta mabinti zake watatu, na kote akaandika Kiingereza. Nilipomsalimu kwa Kirundi alirudi nyuma hatua moja.

"Nani amekwambia?" akauliza.

Nikamwambia hakuna aliyeniambia, nimesikia akiwaambia mabinti wafunge viatu. Akakaa. Akanieleza kwamba zile fujo za kuwashambulia wageni zilipoanza alikuwa amepanga chumba Alexandra, na watu walikuwa wakisimamishwa njiani na kuulizwa kiwiko kwa Kizulu kinaitwaje. Asiyejua alijulikana ni mgeni. Tangu siku hiyo, akasema, karatasi yoyote inayomuuliza lugha yake anaijibu kwa lugha isiyomletea matatizo.

Sikumlaumu. Lakini mabinti wale wangekaa mwaka mzima bila msaada, kwa sababu kwenye faili walikuwa Waingereza.

Basi kile kisanduku nikaacha kukitegemea, nikawa nauliza kwa mdomo. Mtoto akianguka akaumia, analia kwa lugha gani? Bibi akipiga simu kutoka nyumbani, wanaongea nini? Akigombana na dada yake? Akiota usiku anaropoka kwa lugha gani? Mama mmoja wa Goma alilifikiria sana lile la mwisho, kisha akanijibu, "Mwalimu, huyu akilala anakoroma tu." Hata hivyo alicheka, na akishacheka mzazi anakwambia mengine yote.

Sasa nije kwa Nsimire.

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu, na nilishaanza kujiona fundi. Nilikuwa na kitambulisho cha shule shingoni, muhuri wangu mwenyewe, na asubuhi hiyo watoto kumi na mmoja kwenye foleni. Kanuni ya shule ilikuwa mzazi abaki nje. Akaingia msichana wa miaka kumi kutoka Bukavu, amesukwa nywele vizuri mno, kila mstari umenyooka kama umepigwa rula. Akaketi. Nikampa karatasi. Akaandika jina lake kamili juu, kwa mwandiko wa kuunganisha, akaweka kalamu chini.

Nikamuuliza kwa Kiingereza anaitwa nani, ana miaka mingapi. Kimya. Nikamwonyesha picha. Kimya. Nikabadili, nikamuuliza kwa Kiswahili, taratibu: mama yako anaitwa nani, umekula nini asubuhi? Alinitazama usoni, akatazama meza, hakufungua mdomo.

Na hapo ndipo nilipokosea. Nilijiambia, kama ni Kiingereza tu hakijui, angenijibu kwa Kiswahili. Asiponijibu hata kwa lugha yake, basi tatizo si lugha. Nikaandika: hajibu hata kwa lugha ya nyumbani, uelewa wake uko chini ya umri wake. Nikapiga muhuri. Nikaita mtoto mwingine. Yote hayo yalichukua dakika kumi na mbili, na nazikumbuka kwa sababu niliona fahari kuwahi.

Sentensi yangu hiyo ilikwenda mbali kuliko nilivyofikiri. Nsimire aliwekwa gredi ya kwanza kwa muda, na barua ikaandikwa kwa mzazi kwamba kamati ya shule itakaa baada ya wiki tatu kuamua kumpeleka shule ya watoto wenye ulemavu wa akili. Shule zile zinafanya kazi njema kwa watoto wanaozihitaji. Lakini mtoto akishaingia kwa makosa, kumtoa ni vita ya miaka, na mama mkimbizi asiyejua Kiingereza hana silaha ya vita hiyo.

Gredi ya kwanza ilikuwa kwa Ma Sibeko. Siku ya nne alikuja nyuma ya kabati langu na karatasi mkononi.

"Huyu msichana wako mrefu," akasema, "niliwapa watoto maharagwe wahesabu mpaka ishirini. Yeye alimaliza, akayapanga mistari minne ya matano, halafu mistari mitano ya manne, akakaa anayatazama. Nikamwandikia hii."

Akaniwekea karatasi mezani. Ilikuwa hesabu ya kugawanya, namba za tarakimu tatu, bila neno hata moja. Nsimire alikuwa ameifanya kwa mtindo wa shule za Kifaransa, mstari umesimama kulia, jibu liko chini ya kigawanyo, yote sahihi.

"Na tazama mwandiko," Ma Sibeko akasema. "Mtoto asiye na uelewa alifundishwa wapi mwandiko huu?"

Nikaanza kujitetea. Nikasema nilimuuliza kila kitu, kwa lugha mbili.

"Najua ulimuuliza nini. Alikuwa amekaa wapi ulipomuuliza?"

"Hapo. Mbele ya meza."

"Na wewe?"

"Hapa."

Akatazama kitambulisho changu, akatazama muhuri. "Nenda ukamwone mama yake," akasema, akarudi kwa watoto wake.

Mama Nsimire alikuwa msusi. Kiti chake kilikuwa chini ya mwavuli, kwenye kona ya barabara ya kwenda Rosettenville, pale magari yanaposimama kwenye robot, kama wanavyoziita huku taa za barabarani. Nilimkuta anamsuka mteja, mama mmoja mwenyeji, kitana amekibana kwa meno. Aliponiona na kile kitambulisho cha shule alitoa kitana mdomoni, akasimama wima.

Nikamsalimu kwa Kiswahili, nikamwomba aendelee na kazi. Nikamuuliza Nsimire nyumbani yukoje.

"Nsimire?" akasema. "Ule mutoto anasema sana mpaka tunazima radio. Anasema na mimi, anasema na majirani. Kule Bukavu alikuwa wa kwanza mu klasi, mwalimu."

"Kwangu hakusema hata neno moja."

Akacheka kidogo, kama mtu aliyesifiwa. "Njo nilimufundisha vile."

Njo lao ni ndiyo letu, lakini sikuelewa. Akanieleza huku vidole vyake vinaendelea kusuka. Walipofika nchi hii walikwenda Pretoria, kwenye ofisi ya vibali vya wakimbizi. Walipanga foleni tangu alfajiri, na kwenye foleni mama mwingine alimwonya kwamba watoto huharibu kesi: ofisa anamuuliza mtoto mliondoka lini, mtoto anataja siku nyingine, na faili linakataliwa. Basi akamkalisha Nsimire chini, akamwapisha. Mbele ya watu wa makaratasi usiseme kitu. Hata wakikuuliza kwa Kiswahili. Hao wanaouliza kwa Kiswahili ndio wabaya zaidi. Andika jina yako vizuri, mama njo atasema.

"Lakini mimi ni mwalimu," nikasema.

Akanitazama kwa upole. "Mwalimu, ulikuwa na kashe."

Kashe ndiyo Wakongo wanavyouita muhuri. Nikakumbuka lile dawati, kile kitambulisho, mama aliyeachwa nje ya mlango, na mimi nikimuuliza mtoto jina la mama yake kwa Kiswahili kizuri. Nsimire alikuwa amefanya kila alichoagizwa, na alikifanya bila kosa.

Mama Nsimire akapangusa mikono, akatoa barua iliyokunjwa kwenye pochi. "Niliipata wiki iliyopita. Ni Kiingereza. Nilikuwa nangoja Jumapili mutu wa kanisa anisomee. Inasema nini?"

Ilikuwa ile barua. Maneno yangu yalikuwa katikati yake, kwenye alama za kunukuu. Ningeweza kumwambia ni jambo dogo, nitalishughulikia. Nililifikiria hilo, siwafichi. Kisha nikamsomea yote kwa Kiswahili, pale kando ya barabara, pamoja na ile sentensi ya uelewa uko chini ya umri wake.

Vidole vyake vikasimama kichwani mwa mteja. Magari yakasimama kwenye robot, yakaondoka, yakasimama tena.

"Nani aliandika ile?" akauliza.

"Mimi."

Mteja, ambaye hakujua Kiswahili, alitutazama kwa zamu, akasema tu, "Eish."

Mama Nsimire aliikunja barua kwa mikunjo ile ile, akanipa. Hakupandisha sauti. "Basi wewe njo utaifuta," akasema, akakirudisha kitana mdomoni, akaendelea kusuka.

Kesho yake alikuja shuleni kabla hajaenda kazini. Nilimwomba aingie ndani, kanuni ikae pembeni. Nilivua kitambulisho, muhuri nikautia kwenye droo, na kiti changu nikakitoa nyuma ya dawati nikakiweka ubavuni mwake. Akamwambia binti yake, "Nsimire, huyu si mutu wa makaratasi. Huyu ni mwalimu. Sema naye."

Nsimire aliitazama droo. Swali lake la kwanza, kwa Kiswahili, lilikuwa: "Ukiweka kashe kwa mutoto, inakuwa aje?"

Nikamwambia haiwekwi kwa mtoto, inawekwa kwa karatasi. Akafikiri, akaridhika, na baada ya hapo sikupata nafasi ya kupumua. Alinisimulia safari yao nzima, akanisomea ukurasa wa Kifaransa niliouokota kwenye gazeti, akanirekebisha matamshi mara mbili. Kiingereza alikuwa nacho maneno kama ishirini, rangi na namba, na moja la matusi alilosikia uwanjani akidhani ni salamu. Huyo ndiye mtoto anayejifunza Kiingereza, wapendwa. Hakuna mfano safi kuliko huo. Akili ipo, kusoma kupo, hesabu ipo, imebaki lugha.

Ikabaki kufuta. Nilikwenda kwa Bwana Naidoo na ripoti mpya. Alikuwa mtu wa haki, lakini mtu wa mafaili pia. Akasema kesi imeshafunguliwa, haiwezi kufungwa bila sababu iliyoandikwa, na nakala itakwenda ofisi ya wilaya. Nikachukua kalamu, nikaandika kwenye nafasi ya sababu: nilikosea.

Akalisoma neno hilo kwa muda mrefu kuliko urefu wake.

"Unajua vyeti vyako bado viko wilayani," akasema. "Watu wale wale watakaosoma hili ndio wanaoamua kama wewe ni mwalimu."

"Najua."

"Ningeweza kuandika kwamba taarifa mpya zimepatikana."

Nilitamani sana aandike hivyo. Nilikuwa na mume aliyekuwa hana kazi wakati ule na nilishazoea lile dawati. Lakini nilikuwa nimesimama jana yake kando ya robot nikasema "mimi" kwa Kiswahili, na nikaona si sawa nishindwe kulisema kwa Kiingereza. Nikamwambia aliache lilivyo.

Bwana Naidoo akavuta karatasi kwake. Chini ya neno langu akaandika kwa mkono wake: utaratibu wa shule nao ulikosea, mzazi hakuruhusiwa kuingia. Akaweka sahihi. Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba kuanzia wiki ijayo wazazi waingie.

Kamati haikukaa. Nsimire alihamishiwa gredi ya nne na akawekwa kwenye orodha yangu ya wanaojifunza lugha, saa moja kila siku nyuma ya kabati. Na vyeti vyangu vilirudi mwaka uliofuata vimekubaliwa. Kama walilisoma lile neno sijui hadi leo. Ma Sibeko alisema walilisoma, na ndiyo maana. Mimi nadhani walikuwa na karatasi nyingi.

Najua mtaniuliza kuhusu kompyuta, maana Aline ameshaniuliza. Miaka yangu ya mwisho shule ilileta upimaji wa kompyuta na vile visikilizio vya masikioni, nanyi ndivyo mtakavyovitumia. Mimi sina ugomvi navyo. Kompyuta haimtazami mtoto wala haitazami kitabu, na hilo lilinichukua mimi muhula mzima kujifunza. Haina watoto kumi na mmoja kwenye foleni. Lakini nimeona mtoto akipata sifuri kwa sababu hakuwahi kushika kipanya, na mwingine kwa sababu picha ilikuwa ya kile kibaniko cha kuchomea mkate, naye nyumbani kwao wanakula ugali, akasema ni radio. Ukikitazama vizuri kinafanana na radio. Kaa karibu na mtoto wakati mashine inampima. Ukiona sifuri, mpe hesabu isiyo na maneno. Mpe ukurasa wa lugha aliyosomea. Na mrudie baada ya wiki sita, kwa sababu karatasi ya siku ya kwanza inapima zaidi usingizi, njaa na woga.

Jihadharini pia na yule anayewafurahisha. Kuna mtoto anayekuja anasema sharp, anasema eish, maneno ya mtaani huku, anataniana na wenzake uwanjani kama mzaliwa wa hapa, nanyi mnasema huyu amemaliza. Mwambieni aeleze kwa nini barafu inayeyuka. Maneno ya uwanjani yanakuja kwa miezi michache. Ya kitabuni yanataka miaka. Na mwisho wa kazi usisahau kumtoa kwenye orodha aliyekwisha kuimudu lugha. Niliwahi kumsahau msichana mmoja wa Maputo mwaka mzima, anakuja kila siku nyuma ya kabati kwa adabu, anasoma vitabu vyangu vyote, mpaka siku aliyoniuliza, kwa Kiingereza kizuri kuliko changu, kama ni adhabu na alifanya nini.

Nsimire sikumsahau. Alikaa kwenye orodha miaka miwili, nikamtoa mwenyewe, na kwa muda nikawa simwoni isipokuwa kwenye veranda. Alikuwa gredi ya sita pale mwalimu wake wa darasa, kijana mpya aliyetoka chuoni, alipomwandikia mama yake barua kwamba afike shuleni kwa jambo la nidhamu. Nikaitwa nitafsiri.

Mama Nsimire alikuja amevaa nguo zake za kanisani, na mkononi ameshika faili lenye vibali vyote vya familia, kila karatasi kwenye mfuko wake wa plastiki. Aliketi ukingoni mwa kiti. Mwalimu akaanza kueleza kwa Kiingereza, kwa kirefu, anahesabu kwa vidole.

"Anasema nini?" Mama Nsimire akaniuliza.

"Anasema Nsimire anaongea sana darasani. Anaongea na wa mbele yake, anaongea na wa nyuma yake, hata yeye mwalimu akiwa anafundisha. Amemhamisha kiti mara tatu, na kila anapomhamishia anapata wa kuongea naye."

Akalitazama faili lake. "Kwa Kiswahili?"

Nikamuuliza mwalimu. Alishangaa swali. "Kwa Kiingereza," akasema. "Na wengine sasa wanamwiga."

Nikamtafsiria. Mama Nsimire hakuinua uso. Alilisawazisha faili juu ya magoti, pembe kwa pembe, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyefikwa na jambo zito, "Mwambie mwalimu, pole sana. Nitamukanya ule mutoto."

Nikaitafsiri pole yake. Mwalimu akashukuru, wakapeana mikono. Mimi na Mama Nsimire tukatoka, tukapita ofisi ya mkuu wa shule, tukapita kabati langu, hakuna aliyemtazama mwenzake. Tulipofika nje alikaa kwenye ngazi za saruji na lile gauni la kanisani, faili limeanguka miguuni, akacheka mpaka akavua kitambaa cha kichwa ajifute machozi. Nikaketi kando yake. Gredi ya kwanza walikuwa wanapita mstari mmoja kwenda chooni, na walitutazama sana.